Karatasi Aliyoileta Wairimu

Mwalimu Muthoni, aliyepokea madarasa yangu nilipostaafu, aliniomba nimwandikie mbinu zangu za kufundisha Kiingereza. Alitaka ukurasa mmoja wenye orodha, aubandike ndani ya mlango wa kabati. Nilijaribu. Ukurasa ulitoka safi na kila kitu ndani yake kilikuwa kweli, ila haukuwa na mtu hata mmoja, kwa hivyo nikauchana. Haya ni marefu zaidi, Muthoni, unisamehe. Na nyinyi wengine mnaokaa naye kwenye chumba cha walimu mnaweza kusoma. Habari za vyeo nitaziacha. Nilipata kimoja tu, nacho kilikuja na ufunguo wa stoo ya vitabu.

Nilifika Thika kutoka Bungoma nikiwa na cheti kipya, suruali mbili, na imani kwamba Kiingereza ni sarufi. Shule, mnavyoijua, ni ya kutwa, na watoto wengi wanakuja kwa miguu kutoka Makongeni na Kiandutu. Nilikodi chumba kimoja Makongeni. Mke wangu, Nasimiyu, alikuwa anafundisha shule ya msingi kule nyumbani, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mmoja wetu atapata uhamisho kabla ya mwaka kwisha, au mwaka unaofuata.

Somo langu la kwanza lilikuwa kidato cha pili, sentensi za kutendwa. Niliandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba panya ameliwa na paka. Darasa zima likaimba kwamba panya ameliwa na paka. Tukambadilisha panya akaliwa jana, akaliwa kesho, akawa anaendelea kuliwa. Nilitoka nikijiona nimefundisha. Nyuma ya darasa alikuwa ameketi mkuu wa idara yetu, Madam Gathoni, mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani hata kwenye jua la Januari. Tukitembea kurudi aliniuliza, "Barasa, huyo panya, kuna mtoto amemwona?"

"Ni mfano tu, Madam."

"Najua ni mfano. Nimeuliza kama kuna mtoto amemwona."

Kesho yake alilichukua darasa langu hadi jikoni. Mpishi wetu wakati huo alikuwa Mzee Kimani, ambaye hakuwa na neno moja la Kiingereza wala hakulihitaji. Aliwaonyesha watoto jinsi anavyopika githeri ya watu mia tatu, wakashika mahindi, wakachambua maharagwe, wakapima maji kwa ndoo. Kisha kila kundi likaandika maelekezo kwa Kiingereza, na Madam akazibadilisha karatasi: kundi hili lifanye kile ambacho lile limeandika, hivyo hivyo kilivyoandikwa. Kundi moja lilikuwa limeandika kwamba mpishi achemshwe hadi alainike. Mzee Kimani alipotafsiriwa hayo, aliuliza tu kama atapewa nafasi ya kuvua viatu vyake vya gambuti kwanza. Katika kundi lile hakuna aliyechanganya tena anayetenda na anayetendwa.

Madam Gathoni alinilea miaka minne, halafu akastaafu akaenda kulima Gatanga. Aliniachia kamusi kubwa isiyo na jalada, na katoni iliyojaa vitu vyenye maandishi: mifuko ya mbegu, karatasi za dawa, pakiti za sabuni, matangazo ya mazishi. Aliniachia pia kanuni tatu. Mtoto aguse kitu kabla ya kukitaja. Anayekutana na neno gumu alitafute mwenyewe kwenye kamusi, mbele ya wenzake. Na mwalimu asijibu haraka. Hiyo ya tatu niliishika kuliko zote, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Alipoondoka nilibaki peke yangu, na simaanishi idara tu. Wenzangu walikuwa watu wa adabu. Nikiingia kwenye chumba cha walimu wanaongea Kikuyu, mmoja anageuza mazungumzo yawe Kiswahili kwa ajili yangu, na mazungumzo yakishageuzwa hivyo yanakufa. Kwa hivyo nilianza kunywa chai yangu darasani. Walidhani ninajitenga, nami nilidhani ninawapa nafasi. Tulikaa hivyo miaka mingi bila kugombana hata siku moja.

Mkuu mpya wa idara, Bwana Ndung'u, alihesabu kurasa za kitabu zilizofundishwa kila wiki. "Barasa," aliniambia mara nyingi, bila ubaya, "mtihani hauulizi githeri." Alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Si kila kitu nilichojaribu kilifaulu. Siku moja niliwapeleka watoto sokoni waandike maelezo ya mchuuzi mmoja akiwa kazini. Mchuuzi alipoona watu thelathini wenye madaftari wakimtazama na kuandika, alidhani ni kanjo, askari wa baraza la mji, akakimbia akaacha nyanya zake. Tulizilinda hadi aliporudi. Insha zilikuwa nzuri, ingawa zote zilimweleza mtu aliyekuwa ameshaondoka.

Zoezi nililolipenda zaidi lilikuwa la karatasi za nyumbani. Kila mwanafunzi alikuja na karatasi ya Kiingereza kutoka kwao, ambayo mtu wa nyumbani alitaka kuielewa. Aliisoma kwa sauti, darasa likasaidia maneno magumu, akaandika muhtasari mwepesi, kisha akarudi kumweleza mwenye karatasi. Walileta dhamana za redio, maelekezo ya chakula cha vifaranga, barua za kanisa. Mtoto aliyekuwa mkimya muhula mzima angesimama wima kwa sababu nyanya yake alikuwa anasubiri jibu.

Wairimu alikuwa kidato cha pili, anatoka Kiandutu, anakaa dawati la mbele kwa hiari yake. Siku yake ilipofika alikuja na barua ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, haina hata kunjo.

"Ni barua ya kazi ya mama yangu, sir," alisema. "Alipewa kiwandani alipoacha. Ndiyo hubeba akienda kutafuta kazi. Anataka kujua vile walimsifu."

Nilisimama nyuma yake, kama kawaida yangu, nikisoma juu ya bega. Alikuwa na sauti nzuri. Alisoma jina la mama yake, akasoma kwamba alikuwa mshonaji wa mashine, kisha akafika kwenye neno "dismissed". Hilo hakulitafuta. Aliwaeleza wenzake, "Ni ile mwalimu wa zamu husema gwarideni tukimaliza. Unaachiliwa uende." Darasa likakubali, kwa sababu wote walilijua neno hilo kutoka gwarideni na hakuna aliyewahi kuliona mahali pengine. Mimi macho yangu yalikuwa yameshafika mstari wa chini. Barua ilisema amefukuzwa kwa wizi mdogo mdogo, na kwamba kiwanda hakimpendekezi kwa mwajiri yeyote.

Neno walilotumia kwa wizi huo lilikuwa "pilferage". Wairimu alilijaribu mara tatu. Mvulana wa dirishani akauliza maana yake. Kanuni ikawa kanuni: Wairimu akaondoka dawatini kuja kwenye kamusi, iliyokuwa mezani kwangu.

Kulikuwa na hatua sita hivi. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo. Ningeweza kusema muda umekwisha, ningeweza kuangusha chaki, ningeweza kumtuma mtu ofisini. Sikufanya chochote. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisimamisha somo bila darasa kugundua, na yeye alikuwa mwepesi wa kutembea.

Alifunua kurasa, akapata, akaweka kidole. Midomo yake ilisogea. Kidole kikabaki pale. Kisha akafunga kamusi.

"Sijapata, sir."

"Kaa, Wairimu."

Mvulana wa dirishani, kwa moyo wa kusaidia, alikuwa ametoa kamusi yake ndogo. Nikamwambia aifunge. Sikuwa nimewahi kumkataza mwanafunzi yeyote kufungua kamusi, na ndipo darasa zima likajua kuna jambo.

Hakuja shule siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Siku ya nne, baada ya masomo, nilienda Kiandutu. Nilimkuta mama yake kwenye ua wa nyumba zao za mabati, akifua nguo za watu. Alinipa kiti, akakaa kwenye kibao chake, mikono bado ndani ya beseni. Wairimu alikuwa ndani. Nilimsikia akisogeza kitu.

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama Wairimu," nikasema.

"Hiyo karatasi nimebeba miaka tatu, mwalimu," alisema polepole. "Kila geti ya hapa Thika inanijua. Napeana, askari anaingia nayo ndani, anarudi, ananiambia rudi mwezi ujao. Mimi nasema asante. Nanunua plastiki ingine isichafuke."

Aligeuza shati ndani ya beseni.

"Wewe ulijua kabla yake?" akauliza.

"Nilijua mistari miwili kabla yake."

"Na ukamwacha."

"Nikamwacha."

Alikamua shati, akalianika kwenye kamba, akarudi kukaa. Nilitarajia anifukuze. Badala yake aliniambia habari ya vitambaa. Vilikuwa vile vipande vinavyobaki nguo zikikatwa, vya kutupwa. Washonaji wote walikuwa wanabeba vya kujaza mito, na msimamizi alikuwa anaona. Ilipofika siku ya kupunguza watu, msimamizi akakumbuka vitambaa. Akampa barua na kumwambia itamsaidia mahali pengine.

"Sasa kwa vile wewe unajua hiyo lugha," alisema, "twende waniambie usoni."

Tulienda siku mbili baadaye, mimi nikiwa na tai. Msimamizi yule alikuwa ameshahama. Afisa wa wafanyakazi alikuwa kijana mwenye shati jeupe, akanikaribisha kwa Kiingereza safi, nami nikamjibu kwa Kiingereza safi zaidi, maana nilitaka ajue amekutana na nani. Tukaendelea hivyo dakika nyingi. Nilieleza vizuri sana. Mama Wairimu alikaa katikati yetu, akitazama mdomo wa huyu, kisha mdomo wa yule.

"Kama ni mimi mnaongea," hatimaye akasema, "ongeeni nisikie."

Afisa aliona haya kabla yangu. Alihamia Kiswahili, akaomba radhi, akamwachia azungumze. Mama alieleza habari ya vitambaa kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi, na yalikuwa mazuri kuliko yangu. Afisa akasoma faili, akasema anaweza kumpa barua mpya inayotaja kazi yake na miaka aliyofanya, basi.

"Itasema nimeiba?"

"Haitasema."

"Itasema sikuiba?"

Kijana alitazama meza. "Hiyo pia haitasema, mama. Mimi sikuwepo."

"Sawa," akasema. "Wewe angalau umesema hukuwepo."

Barua ilipochapishwa na kutiwa sahihi, nilinyoosha mkono niisome. Mama Wairimu aliichukua kabla yangu. "Ngoja msichana wangu," akasema. Akampigia jirani simu amtume Wairimu, nasi tukatoka kusubiri nje ya geti. Tulisubiri karibu saa nzima bila mazungumzo mengi. Askari wa geti alimtambua, akamsalimia kwa jina, na yeye akaitikia vizuri tu.

Wairimu alikuja akitembea upande wa kivuli, bila sare ya shule. Alinisalimia bila kunitazama. Alipokea barua, akasogea kando kidogo, akaisoma kimya hadi mwisho, akairudia tena kimya. Ndipo akarudi kwa mama yake, akainamia sikio lake, akaanza kumwambia kwa Kikuyu. Kikuyu changu ni cha salamu, lakini nilisikia hesabu ya miaka na habari ya cherehani. Mama aliuliza kitu kifupi. Wairimu akajibu kwa kifupi. Nadhani aliuliza kama kuna kingine, na akaambiwa hakuna.

Nilisimama pale na tai yangu. Kusoma kimya kwanza, hadi mwisho, kisha kumwambia mwenyewe peke yake, hakuna aliyemfundisha hivyo darasani kwangu. Mimi nilikuwa nimemfundisha kinyume.

Alirudi shule juma lililofuata, akahamia dawati la nyuma. Hakuinua mkono tena katika somo langu hadi alipomaliza kidato cha nne. Aliandika vizuri, alifanya kila zoezi, alipita mtihani. Nikimuuliza jambo alijibu, "Ndiyo, sir," au "Hapana, sir." Kuhusu mama yake nilisikia kwa wanafunzi wengine kwamba alipata kazi ya kushona Ruiru, kwanza kibarua, baadaye ya kudumu. Yeye na mama yake hawakuniambia, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya jambo hilo niliifungia katoni ndani ya stoo, nikafundisha kitabu mwaka mzima, ukurasa baada ya ukurasa. Matokeo hayakushuka. Bwana Ndung'u alinipongeza mbele ya wenzangu. Ulikuwa mwaka mrefu kuliko yote niliyofanya kazi. Wakati huo nilikuwa nimehamia Ruiru, kwenye nyumba ya vyumba viwili, nikidhani nafasi kubwa itasaidia. Kulikuwa na siku ambazo, kutoka kengele ya mwisho hadi asubuhi, sikusema na mtu isipokuwa mama wa duka, na yeye nilimwambia mkate na maziwa.

Mwaka uliofuata mvulana mmoja alinifuata kwenye korido na karatasi ya hospitali ya babu yake. Alikuwa amesikia kutoka kwa dadake kwamba kuna zoezi. Nilimpeleka stoo, tukafunga mlango, tukaisoma pamoja kimya. Haikuwa habari njema. Tulikaa humo hadi alipokuwa tayari kutoka.

Hivyo nikalirudisha zoezi, na hii Muthoni unaweza kuibandika kabatini ukitaka. Karatasi ziletwe siku moja kabla, ndani ya bahasha. Mwalimu azisome zote, peke yake, hadi mstari wa mwisho, pamoja na mihuri. Yenye uchungu isifike darasani. Mwite mtoto stoo, msome naye, na mwamue pamoja nani ataambiwa na kwa lugha gani. Usiache kwenda jikoni, wala sokoni, wala kwa mafundi. Watoto waguse vitu. Lakini kitu wanachokigusa kina mwenyewe, na mwenyewe hayuko darasani kukuambia uache.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu ulikuja mtaala mpya. Tuliitwa semina, na kijana mmoja mwenye kompyuta akatueleza kwa siku mbili kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutenda. Alionyesha picha ya watoto wakichambua maharagwe. Nilitazama pembeni nimwambie mtu habari ya Mzee Kimani na gambuti zake, na hakuna aliyekuwa amebaki wa enzi ile.

Wenzangu vijana huniuliza kama kuna mwanafunzi aliyerudi, yule wa kuja na gari akiwa daktari, akumbatie mwalimu wake. Wachache walirudi. Wairimu hakurudi. Zamani nilijiambia kwamba siku moja atakuja, na nilikuwa na maneno tayari. Sasa naona simdai ziara. Nafikiri anasoma karatasi zake vizuri popote alipo, na hilo lazima linitoshe.

Nilipostaafu mlinifanyia keki na hotuba, na ninawashukuru. Nikapakia vitu nikaenda nyumbani Bungoma, maana uhamisho hatukupata kamwe, si mimi si Nasimiyu, na baada ya muda tuliacha kuomba. Watoto wetu walikua naye. Nyumba ni nzuri, aliijenga akiisimamia mwenyewe. Ana kiti chake, ana ng'ombe wake, ana kundi lake la kanisa. Alinipokea vizuri sana, kama mtu anavyompokea mgeni anayeheshimiwa. Asubuhi alinikaribisha chai, nami nikasema asante. Nilikuwa nasahau sufuria zinakaa wapi. Hakuwahi kunisuta, alinionyesha tu tena. Tulikuwa na habari za kupeana siku nne za kwanza, halafu zikaisha.

Baada ya wiki tatu nilisema lazima nirudi Ruiru kufuatilia karatasi za pensheni. Sote wawili tulijua karatasi zimekwisha. Alinisindikiza hadi barabarani, akibeba kuku niliyepewa na shemeji.

"Utapiga simu?" aliuliza.

"Nitapiga."

"Miaka yote umekuwa ukipiga ukiwa na habari. Karo, msiba, mtoto amepita mtihani. Piga hata ukiwa huna."

Nilimwambia sawa, nikaondoka. Ilinichukua karibu miezi miwili. Mara kadhaa nilitoa simu, nikaanza kutafuta habari ya kumpa, nikaikosa, nikairudisha mfukoni.

Jana, kama saa kumi, nilimpigia. Alipokea upesi na kuuliza kuna nini.

"Hakuna," nikasema.

"Haya," akasema Nasimiyu.

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mlango wa zizi ukifungwa. Hakukata simu. Na mimi sikukata.